Mama Mwenye Mikono Kumi: Hotuba juu ya Maumbo ya Devi

Waheshimiwa wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli za jioni mkaja kuketi hapa, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko.

Lugha yetu imetuwekea tofauti ndogo ambayo mara nyingi tunaipita bila kuitazama. Tunasema Mhindi kwa mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mfuasi wa dini nyingine, na tunasema Mhindu kwa yule afuataye dini ya Kihindu. Wazee wa pwani walikuwa na neno la tatu, Baniani, ambalo siku hizi limebaki zaidi katika ile methali ya Baniani mbaya ambaye kiatu chake ni dawa. Methali hiyo hainifurahishi, lakini inatueleza jambo la kweli kutuhusu sisi wenyewe: jirani huyu tumemjua kwa vizazi vingi kwa kiatu chake, kwa mizani yake, kwa daftari lake la mikopo na kwa bidhaa zilizoshushwa jahazini, na tulipofika kwenye mlango wa chumba chake cha ibada tukaishia kizingitini. Ndiyo maana, katika miaka yote niliyofundisha somo la dini za ulimwengu, swali la kwanza la wanafunzi limekuwa lile lile: Wahindu wana miungu mingapi?

Swali hilo ni la kale kuliko sisi sote. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya kongwe kabisa kati ya Upanishad, maandiko ya kale ya mafunzo ya Kihindu, mjuzi aitwaye Shakalya anamkabili Yajnavalkya mbele ya hadhara na kumuuliza idadi ya miungu. Yajnavalkya anajibu kwamba ni mitatu na mia tatu, na mitatu na elfu tatu, yaani 3,306. Shakalya anasema ndiyo, kisha anauliza tena: ni mingapi hasa? Thelathini na mitatu. Ndiyo, lakini ni mingapi hasa? Sita. Anauliza tena, anaambiwa mitatu, tena, miwili, tena, mmoja na nusu, na mara ya mwisho, mmoja. Nawaomba mzingatie kwamba Shakalya hakatai hata jibu moja. Kila mara anakubali kwanza, ndipo anapouliza upya. Naye Yajnavalkya, anapotakiwa afafanue, anasema kwamba ile elfu tatu na ushei ni utukufu wa ile thelathini na mitatu. Hesabu inashuka kadiri swali linavyozama, na hakuna mungu anayefutwa njiani.

Jioni ya leo siwezi kuwazungukia wote, wala sitajaribu. Nitamchukua mmoja tu ambaye wafuasi wake humwita Devi, na mara nyingi zaidi humwita Mama, kwa sababu katika yeye jambo hili la maumbo mengi linaonekana waziwazi kuliko kwa mwingine yeyote ninayemjua. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa namna ambayo lugha nyingi haziwezi. Sisi tunaposema “amekuja”, “anatuona”, “ametuhurumia”, sarufi yetu haituulizi kama tunamzungumzia wa kiume au wa kike. Kwa wale wanaomwabudu Devi kama mkuu wa vyote, mamlaka yote ya uumbaji, ulinzi na uangamizaji ni ya Mama, na mnaponisikia nikisema “yeye” jioni hii, mlijaze neno hilo kwa uzito huo.

Mimi nilimwona kabla sijajua jina lake. Nilikulia katika mji wa pwani, na nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya familia ya Kigujarati. Bibi wa nyumba ile sisi watoto wa mtaa tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu wake. Kila mwaka, ilipofika Navaratri, zile siku tisa ambazo kwa kawaida huangukia Septemba au Oktoba, Ba alikuwa akitoa mtungi mdogo wa udongo uliotobolewa matundu pande zote, akauweka juu ya kigoda katikati ya ua, na ndani yake akawasha taa ya samli yenye utambi wa pamba. Wanawake wakauzunguka huku wakipiga makofi na kuimba. Nuru ilitoka kwa kila tundu ikatua ukutani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mikono yao iliyokuwa ikipanda na kushuka. Nilimuuliza kwa nini anaificha taa ndani ya mtungi unaovuja. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha mtaani, “Mtungi ni tumbo. Taa ni Mama.” Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba mtungi ule huitwa garbo, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi, na kwamba ngoma yenyewe, garba, imechukua jina lake humo humo. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Ba alikuwa amekwisha kuniambia kiini chake kwa maneno sita.

Sasa tuingie katika kitabu chenyewe. Andiko kuu la Devi ni Devi Mahatmya, yaani Utukufu wa Devi, ambalo wataalamu wengi huliweka katika karne ya 5 au ya 6. Lina sura 13 na kwa hesabu ya kimapokeo beti 700, na limo ndani ya mkusanyiko mkubwa uitwao Markandeya Purana. Linaanza msituni, na watu wawili waliopoteza kila kitu. Mmoja ni mfalme Suratha, aliyenyang’anywa ufalme wake. Mwingine ni mfanyabiashara Samadhi, aliyefukuzwa nyumbani na mkewe na wanawe kwa tamaa ya mali yake. Kinachowasumbua wote wawili ni kwamba bado mioyo yao inawatamani wale wale waliowatupa. Wanakwenda kwa mtawa na kumuuliza inakuwaje mtu mwenye akili afungwe namna hii, naye anawajibu kwa kuwasimulia habari za Devi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wengi hukimbilia kwenye vita vya kitabu hiki na kusahau kwamba vyote vinasimuliwa ili kuwatuliza watu wawili wenye uchungu.

Katika masimulizi hayo, asura, yaani adui wa miungu, mwenye umbo la nyati, Mahishasura, amewashinda miungu na kuwafukuza kutoka makao yao. Wanakwenda kwa Shiva na Vishnu kulalamika, na kwa ghadhabu nyuso zao zinatoa mwanga. Mwanga wa kila mungu unatoka na kukutana na mwingine, hadi wote unakuwa kama mlima unaowaka, na ndani ya mlima huo wa moto anaonekana mwanamke. Uso wake umetokana na mwanga wa Shiva, nywele zake na wa Yama, mikono yake na wa Vishnu, nyayo zake na wa Brahma. Kisha kila mmoja anamkabidhi silaha: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu la makali, Varuna kombe la baharini lipigwalo kama baragumu, Vayu upinde na podo lililojaa mishale, Indra silaha ya radi, na Himalaya, mlima wenyewe, anamletea simba wa kumpanda. Idadi ya mikono yake haikai mahali pamoja. Andiko linazungumzia mikono elfu inayoenea pande zote. Wachongaji wamempa minane au kumi na minane. Wabengali humpa kumi. Anayeuliza ni ipi hasa iliyo sahihi anauliza kama Shakalya, naye ataambiwa ndiyo kila mara.

Msomaji wa haraka atahitimisha kwamba Devi ni mungu aliyeundwa na miungu mingine kwa kuchangiana, kama watu wanavyochanga fedha za harusi. Lakini yule mtawa wa msituni alikwisha kumzuia mapema: katika sura ya kwanza alisema kwamba Devi ni wa milele, kwamba ulimwengu wote ni umbo lake, na kwamba anapojidhihirisha ili kuwasaidia miungu, watu husema “amezaliwa” ingawa amekuwapo siku zote. Mwanga ule uliotoka nyusoni mwa miungu ulikuwa wake tangu mwanzo. Walimrudishia kilicho chake.

Sehemu ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine iko mbele zaidi, katika vita dhidi ya ndugu wawili, Shumbha na Nishumbha. Hapo maumbo yanaanza kumwagika kama mvua ya masika. Kutoka kwenye kipaji cha uso wa Devi kilichoiva kwa hasira anachomoza Kali, mweusi, amekonda, ulimi nje. Anajitokeza asura aitwaye Raktabija, ambaye kila tone la damu yake likigusa ardhi huzaa asura mwingine kama yeye; kadiri anavyojeruhiwa ndivyo anavyoongezeka, hadi Kali anatandaza ulimi wake na kuidaka damu kabla haijatua. Kutoka kwa kila mungu inatoka nguvu yake, shakti, katika umbo la kike: Brahmani juu ya gari linalovutwa na mabata maji, Maheshvari juu ya fahali, Kaumari juu ya tausi, Vaishnavi juu ya ndege mkuu Garuda, Aindri juu ya tembo, na wenzao. Uwanja umejaa. Nishumbha anauawa. Ndipo Shumbha, akiwa amebaki peke yake na uchungu wa ndugu yake, anamtupia Devi shutuma: usijivune, kwa maana unapigana kwa kutegemea nguvu za wengine.

Devi anamjibu: niko peke yangu hapa ulimwenguni; ni nani wa pili aliyeko zaidi yangu? Tazama, hawa ni nguvu zangu, nao wanaingia ndani yangu. Na wote, Brahmani akiwa wa kwanza, wanazama katika mwili wake, anabaki amesimama mmoja. Anaongeza kwamba yale maumbo mengi aliyokuwa amesimama ndani yake kwa uwezo wake ameyarudisha, na kwamba sasa Shumbha ajikaze kwa vita.

Ndugu zangu, Shumbha alikuwa na macho mazuri. Alihesabu sawasawa wote waliokuwa uwanjani, na kila mmoja alikuwapo kweli, kwani majeshi yake yalikwisha kuuona uzito wa mikono yao. Alikosea mahali pamoja tu, pale alipodhani kwamba walio wengi ni lazima wawe wageni kwa wenzao. Swali la wanafunzi wangu linakosea papo hapo.

Hata hivyo liko kosa la pili, na ninalihofia zaidi kwa sababu linavaa adabu. Ni kosa la mtu mwungwana anayesema, “Kumbe ni mmoja tu, basi haya masanamu ni mifano tu, ni picha za watu wasiojua kusoma.” Wapo pia wanaotaka kulifunga jambo hili kwa kulilinganisha na Majina Mazuri Tisini na Tisa ambayo kila Mwislamu hapa anayajua. Ulinganisho huo unafaa kutufungulia mlango, na ni kweli kwamba Devi naye, kwa jina la Lalita, ana utenzi wa majina elfu moja unaosomwa kwa sauti hadi leo. Lakini jina halivishwi nguo, halipikiwi chakula, halilazwi usiku wala haliamshwi alfajiri. Umbo la Devi hufanyiwa hayo yote. Tukitaka kuheshimu imani ya mtu hatuwezi kuikata sehemu inayotutia wasiwasi kisha tukamrudishia iliyobaki kana kwamba ndiyo yake.

Twendeni basi Kolkata, katika mtaa wa Kumartuli, kaskazini mwa jiji, karibu na Mto Hooghly ambao ni mkono wa Ganga. Kumartuli maana yake ni mtaa wa wafinyanzi. Miezi kadhaa kabla ya Durga Puja, sikukuu ya Devi kwa jina la Durga, mafundi hufunga kiunzi cha mianzi, wakakijaza mabua ya mpunga na kuyakaza kwa kamba mpaka yapate kiwiliwili, kiuno na shingo, kisha wakayapaka udongo wa mtoni tabaka juu ya tabaka. Kwa desturi, katika udongo huo huchanganywa kiasi kidogo kilichoombwa mlangoni mwa nyumba za wanawake wanaouza miili yao, kwa hiyo mwanamke ambaye jamii imemtenga ana sehemu katika mwili wa Mama. Macho huachwa mpaka mwisho. Kwa mapokeo huchorwa siku ya Mahalaya, siku chache kabla ya sikukuu, na fundi hushika brashi kwa kicho, kwa sababu baada ya mkono wake kupita hapo, udongo unamtazama. Hata hivyo bado si Devi anayeabudiwa. Ni lazima kuhani, sikukuu ikifika, amwombe aje akae humo, ibada iitwayo prana pratishtha, yaani kusimika pumzi. Tangu hapo hadi siku ya kumi sanamu ile ni mgeni aliye hai, na atahudumiwa kama mgeni.

Na ni mgeni wa namna gani? Mtazameni vizuri. Mikono kumi yenye silaha, mguu mmoja juu ya simba, mkuki umezama kifuani mwa Mahishasura anayetoka nusu mwili katika shingo ya nyati. Lakini kulia na kushoto kwake, wakiwa wamesimama kwa utulivu kana kwamba hakuna vita, wako Lakshmi, Saraswati, Ganesha na Kartika, ambao Wabengali huwahesabu kuwa watoto wake. Kwao Durga ni Uma, binti aliyeolewa mbali, kwa Shiva katika mlima Kailash, na mara moja kwa mwaka anakuja na wanawe kuwaona wazazi wake. Mji mzima unampokea binti aliyerudi nyumbani, na wanawake wanapiga vigelegele. Nilipovisikia kwa mara ya kwanza katika mkanda wa video niligeuka kutazama mlangoni, nikidhani kuna harusi jirani. Ni ulimi ule ule, sauti ile ile ya mama zetu. Katika umbo moja mnamwona shujaa anayeua na binti aliyekuja kula mapishi ya mama yake, na hakuna anayelazimika kuchagua.

Siku ya kumi wanawake walioolewa wanampaka wekundu wa sindur kwenye paji la uso, wanamlisha vitamu mdomoni, wanamfuta uso kwa majani ya tambuu, kisha wanaume wanambeba hadi mtoni na kumshusha majini. Udongo unarudi mtoni, mabua yanaelea. Kazi ya miezi inayeyuka kwa dakika chache, na watu wanaambiana kwamba mwaka ujao itakuwa tena. UNESCO iliitambua Durga Puja ya Kolkata mwaka 2021. Kwangu mimi, mtu aliyeyaona macho yale yakichorwa kwa uangalifu na akauona uso ule ukizama hawezi tena kusema kwamba Wahindu hawa hawajui tofauti kati ya Mungu na udongo. Wanaijua kuliko sisi tunaowashutumu, kwa kuwa wanaipitia kila mwaka kwa mikono yao.

Kilomita chache tu juu ya mto huo huo liko hekalu la Dakshineswar, lililozinduliwa mwaka 1855 na Rani Rashmoni, mjane tajiri ambaye kwa kuwa tabaka lake lilihesabiwa kuwa la chini alipata taabu kumpata kuhani wa kukubali kutumikia hekalu lake. Humo yumo Kali. Miongoni mwa makuhani wake wa mwanzo alikuwapo kijana ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ramakrishna. Kali ndiye umbo linalowashtua watu zaidi: amesimama juu ya Shiva aliyelala, shingoni ana shada la vichwa, mkono mmoja wa kushoto una upanga na mwingine kichwa kilichokatwa. Wachache hungoja kutazama upande wa kulia, ambako mkono mmoja umeinuliwa kuashiria “usiogope” na mwingine umefunguliwa kutoa. Vichwa vile wafasiri wengi huvisoma kama hamsini, idadi ya herufi za Kisanskriti, kwa hiyo lugha yote imetungwa uzi shingoni mwake. Ramakrishna alizungumza naye kama mtoto anavyozungumza na mama yake, akimlilia, akimdai, akimnunia. Mtoto aliyechapwa na mama yake bado hukimbilia kwa mama huyo huyo kulia. Dini inayompa Mama sura ya upole peke yake ingemwacha mtu bila pa kukimbilia siku ambayo maisha yenyewe yanamgeuka, na waabudu wa Kali wamekataa kuachwa hivyo.

Nitamtaja kwa ufupi Shitala, kwa kuwa anatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Jina lake lina maana ya ubaridi. Anapanda punda, amebeba ufagio, mtungi wa maji na majani ya mwarobaini, mti ambao hapa kwetu kila ua unaujua. Yeye ni Mama wa ndui. Ndui yenyewe ilisemwa kuwa ni ujio wake, na mgonjwa alipozwa kwa maji na kwa majani yale. Huko Gujarat, siku yake iitwayo Shitala Satam, jiko haliwashwi. Familia hula chakula kilichopikwa jana yake, kikiwa kimepoa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana Marka, katika pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Shitala hakwisha. Akina mama bado wanapika jana yake na kula baridi, wakimkabidhi watoto wao dhidi ya homa zilizobaki.

Na sasa jambo ambalo huwashangaza hata wale wanaodhani wamekwisha kuelewa. Kaskazini mwa Gujarat, karibu na mpaka wa Rajasthan, liko hekalu la Ambaji, mojawapo ya mahali pa Devi panapoheshimiwa zaidi na Wagujarati, wakiwemo wengi ambao babu zao walivuka bahari kuja kwetu. Ndani kabisa ya hekalu hilo, mahali ambapo mngetarajia sanamu, hakuna sanamu. Kuna yantra, mchoro mtakatifu wa mistari na hesabu, uliowekwa mahali ambapo hautazamwi ovyo. Mbele yake pamevishwa nguo na mapambo kwa namna ambayo macho ya mhujaji humwona Mama aliyeketi. Kule Jammu nako, katika pango la Vaishno Devi, watu hupanda mlima kwa miguu saa nyingi ili kusimama mbele ya mawe matatu ya asili yasiyochongwa. Mikono kumi, mawe matatu, mchoro usiotazamwa, mtungi wa matundu: dini ile ile, Mama yule yule.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba Wahindu wote wanakubaliana nami katika haya. Wapo wanaofuata mafundisho ya Advaita, ambao kwao maumbo yote hatimaye yanaachwa nyuma kama ngazi baada ya kupanda. Wapo wafuasi wa mwalimu Madhva, ambao kwao Vishnu ndiye mkuu na Devi yuko chini yake milele. Vijijini wapo wanaowaona Mama wa kijiji hiki na wa kijiji cha pili kuwa dada wawili wenye tabia zao, wala hawaoni haja ya kuwaunganisha. Na wapo waliokataa sanamu kabisa: Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875 kwa msimamo kwamba Veda, maandiko ya kale zaidi ya Kihindu, hazifundishi kuabudu sanamu, na vuguvugu lake lilifika Nairobi mapema kabisa, mwaka 1903. Kwa hiyo hata katika miji yetu, Mhindu mmoja atakuwa anamvisha Devi nguo mpya wakati mwenzake wa mtaa wa pili anamimina samli motoni mbele ya ukuta mtupu, na wote wawili watakwambia kwamba wanafuata njia ya kale. Msimwulize mmoja awaeleze imani ya mwingine.

Lakini ninyi mmeniomba nizungumzie maumbo, na liko umbo moja nililolibakiza kwa makusudi.

Katika siku za mwisho za Navaratri, sehemu nyingi za India, wasichana wadogo ambao hawajabaleghe hualikwa nyumbani, wakaketishwa, wakaoshwa miguu, wakapakwa rangi kwenye paji la uso na kulishwa kwa heshima, kwa sababu kwa siku hiyo kila mmoja wao ni Devi. Mtu mzima huinama mbele ya mtoto. Mwanafunzi wa Ramakrishna, Vivekananda, aliiingiza ibada hiyo katika Durga Puja ya kwanza ya Belur Math, makao ya watawa wake, ng’ambo ya mto kutoka Kolkata, mwaka 1901. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1898, alikuwa Kashmir, akiishi katika mashua. Andiko lile la msituni linasema kwamba mwishoni Devi aliwauliza mfalme na mfanyabiashara wanataka nini. Mfalme akaomba ufalme wake, mfanyabiashara akaomba afunguliwe kutoka kwenye neno “mimi” na neno “changu”, na kila mmoja akapewa alichoomba. Vivekananda alikuwa ameyaacha yote mawili zamani. Alichokuwa nacho mbele yake ni mto, mashua, na mwenye mashua aliyekuwa Mwislamu, pamoja na binti yake wa miaka minne. Yule mtoto ndiye aliyemwona kuwa Uma, na akawa akimwabudu, hapo mashuani, kwa upendo wa Mama.